Vidonge vya Fundi

Mama yangu ni fundi cherehani, na hajawahi kuandika vipimo vya mtu. Mteja akiingia, alikuwa anamtazama kuanzia mabega hadi miguu, anamtania, "Umenenepa, mwenzangu, au umeniletea kitambaa cha mdogo wako?" kisha anakata. Nguo inakaa kama imezaliwa naye.

Siku alipoushona mkono wa blauzi shingoni, tulicheka. Siku aliponifungulia mlango na kuniambia, "Karibu, mteja," sikucheka.

Basi kwenye masomo yangu ya jioni mwalimu akatufundisha kwamba ubongo unahitaji madini ya magnesiamu ili mishipa ya fahamu ipeane habari. Moyo ukaniruka. Kesho yake nilikuwa duka la dawa, mtoto mgongoni.

"Dada," muuza dawa akasema, "kama magnesiamu imepungua mwilini, vidonge hivi vitamsaidia mama yako. Lakini kumbukumbu iliyokwisha kwenda, siwezi kukuahidi. Na figo zake zipimwe kwanza."

Figo tulizipima, zilikuwa salama. Hayo mengine niliyasikia kwa sikio moja. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: aniite tena mwanangu.

Kila asubuhi nikawa namwekea kidonge kiganjani na glasi ya maji, kisha nakimbilia kumnyonyesha mtoto. Nikirudi, glasi tupu. "Umemeza, mama?" "Zamani!" Akaanza hata kuimba akishona. Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Vinafanya kazi." Akaendelea kukunja nepi.

Jana nilirudi mapema kidogo. Mama alikuwa ameinamia kitambaa cha bluu, anachora mistari myeupe, imenyooka kama ya zamani. Alichoshika vidoleni kilikuwa kidonge. Kwenye kopo lake la chaki vilijaa vingine, vimelika pembeni. Ua la dirishani lilikuwa limelowa chepechepe.

"Mama! Hizo ni dawa!"

"Dawa ya nini? Chaki mbovu hizi, zinavunjika hovyo. Aliyeninunulia kaibiwa mchana kweupe."

Nilicheka mpaka machozi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kumbe dawa haijashindwa, haijajaribiwa! Nikaleta kidonge kipya na maji, nikasimama mbele yake mpaka nikaona koo limepanda na kushuka.

"Sasa niambie," nikasema, kana kwamba kidonge kimeshafika kichwani, "gauni hili la nani?"

"La binti yangu. Anaanza shule." Akalipapasa kiunoni. "Anapenda mifuko mikubwa, aweke mawe yake."

Mawe yangu. Nilikuwa nayaokota njia nzima, yeye ananigombeza kila siku ya kufua.

"Yuko wapi huyo binti?"

"Yuko nje anacheza. Ukimwona mwambie aje nimpime."

Nikavua mtandio, nikanyoosha mikono yote miwili kama nilivyokuwa nasimama enzi zile, kidevu juu. "Nipime, mama."

Akachukua futi kamba, akanizungushia kifuani. Akaitazama, akatazama kitambaa, akanitazama mimi. Kisha akaifungua taratibu, kwa adabu aliyokuwa nayo kwa wageni.

"Samahani, mteja. Keti kidogo. Namsubiri mwanangu kwanza."

Nikamchukua mtoto chumbani, nikampakata, nikaketi kwenye benchi la wateja.