Inspekta Msibani

Leonardi aliitwa Inspekta tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kabla hajapeleleza hata kuku aliyepotea. Enzi hizo alisimama mbele ya televisheni kwenye kibanda cha video, fimbo mkononi, akiwatafsiria watu filamu za Kifaransa. Pale ambapo hakuelewa, alijaza mwenyewe. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mpelelezi mlevi, koti limechakaa, mvua haimwachi, aliyekodiwa kumtafuta mwanamke aliyetoroka. Anampata, anamwonyesha tajiri aliyemtuma, anawasha sigara, filamu imekwisha.

"Na yule mwanamke je?" watu walipiga kelele.

"Aliolewa na mtu mwema," Leonardi alitangaza, nao wakaenda zao wameridhika.

Sasa ulikuwa mwaka 2015, na Inspekta alikuwa akilala kwenye chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwa dada yake, mtaa wa Iroquois, Louisville, Marekani. Kazi ya ghalani kule Shively ilikuwa imemponyoka kwa sababu ya pombe, na wapwa zake walimsalimu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu zao. Alichobaki nacho ni sifa ya kupata watu. Ukipotelewa na ndugu humu Marekani, mwone Leonardi. Ana namba za wachungaji wa kila jimbo, na ulimi anao.

Ndipo Kamanzi alipompigia kutoka Columbus. Kamanzi alikuwa Mkongo wa milima ya Kivu, msimamizi kiwandani, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Mkewe Kostansia, Mrundi, alikuwa ametoroka na binti yao mdogo, Mizero.

"Bon, Inspekta, miye sitaki maneno mingi," alisema Kamanzi. "Nataka tu kuona mutoto yangu. Ukinipatia adresi, donc, kazi iko hapa. Utaanza lundi, Jumatatu hii."

Leonardi hakuuliza kwa nini mke alikimbia. Alijua kabisa kwamba akiuliza atajibiwa, na kazi aliitaka.

Njia yake ilikuwa moja, na wala haikuhitaji akili nyingi. Watu wetu watakuficha kwa polisi, watakuficha kwa mume, lakini habari ya kifo haifichwi kwa mfiwa. Basi Leonardi aliwapigia wachungaji mmoja baada ya mwingine, sauti ameilegeza kama mtu aliyetoka kulia: "Mchungaji, kuna msiba. Namtafuta Kostansia, binti wa mama Yudita. Mama amefariki kambini." Mchungaji Yonasi wa Buffalo alishusha pumzi, akasema, maskini, yuko huku, tutakaa naye msiba Jumamosi. Akataja nyumba na mtaa, maana nyumba ya msiba huelekezwa kwa kila mtu.

Mama Yudita alikuwa hai, anauza dagaa.

Kamanzi alitaka Leonardi aende ahakikishe kwa macho kwanza, ndipo ampe anwani. Basi la kwenda Buffalo lilisimama Columbus, na Kamanzi akamngoja kituoni. Alipomwona anatetemeka kwa baridi, alivua koti lake la kahawia lenye manyoya shingoni akamvisha. Lilikuwa koti zuri, na Leonardi alijisikia mtu.

Buffalo theluji ilikuwa imefika madirishani. Mlangoni alitundika koti kwenye misumari pamoja na mengine, akaingia. Kostansia alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kitenge kichwani, macho yamevimba. Wanawake waliimba polepole. Alipoambiwa mgeni ametoka Louisville, aliinuka mwenyewe kumletea chai.

"Nisamehe, kaka, nakupa kwa mkono wa kushoto," alisema. "Huu wa kulia ulivunjika, haukuunga vizuri. Haubebi kitu."

Leonardi alipokea kikombe. Sasa alikuwa amejibiwa bila kuuliza.

"Mama sikumpigia simu tangu nitoke Columbus," Kostansia aliendelea. "Niliogopa ndugu za mume wangu walioko kambini wasije wakajua niliko. Amekufa akidhani nimemtupa. Na wewe, mtu baki, umesafiri mbali hivi kunitafuta. Mungu akubariki."

Alimrudishia kikombe kabla hajamaliza chai. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Akaapa moyoni kwamba anwani hii Kamanzi hataipata kwake. Atamwambia amemkosa. Alianza hata kujisifu kidogo kwa uamuzi huo, kwa sababu Leonardi alikuwa mwepesi wa kujisamehe. Ndipo simu ikatetemeka mfukoni.

*Adresi nimeisha pata. Kanisa wametangaza ku Facebook. Mukwe hawezi kosa musiba. Niko Erie.*

Kutoka Erie ni mwendo wa muda mfupi tu. Leonardi alikuwa bado ameshika simu wakati Mizero alipotoka chumbani akipikicha macho ya usingizi. Mtoto alitazama mlangoni, akaliona lile koti la kahawia. Hakulia. Aliingia chini ya meza kimyakimya, haraka, kama mtoto aliyezoea, akajikunyata huko. Kostansia alifuata macho yake hadi kwenye koti, na kikombe kikamwanguka.

Leonardi alisimama. "Mama yako hajafa," alisema. "Nimedanganya ili nikupate. Kamanzi anakuja, yuko Erie."

Nyimbo zilikatika.

"Mama mzima?" Kostansia aliuliza, na kwa nukta moja uso wake ulifunguka, akacheka kabisa, mkono mdomoni. Kisha kicheko kikaisha. "Mizero, viatu," alisema.

Hakuna aliyemtukana. Wanawake walimvisha mtoto, mama mchungaji akachukua funguo za gari, wote wakaelekea mlango wa jikoni.

"Mnampeleka wapi?" Leonardi aliuliza. Ilimtoka tu, kwa mazoea ya kazi.

Waligeuka wakamtazama, wakatoka. Alibaki Mchungaji Yonasi peke yake. Alielekeza kidole kwenye mkeka.

"Kaa hapo. Msiba huu ni wako. Anayekuja kutoa pole utampokea wewe."

Kisha naye akatoka. Leonardi akakaa. Mkeka ulikuwa bado na joto la Kostansia. Alikaa na aibu yake, akitazama chai iliyomwagika, hadi mlango ulipogongwa.

Kamanzi aliingia amebeba kreti ya soda, suti nyeusi, uso wa huzuni, mkwe mwema wa kupigiwa mfano.

"Poleni na musiba," alisema.

"Tumeshapoa," Leonardi alijibu.

Kamanzi alitazama viti vitupu, akatua kreti sakafuni. Uso wa huzuni ulimtoka.

"Na bibi yangu? Iko wapi?"

Leonardi alilikumbuka swali hilo. Kibandani alikuwa na jibu lake tayari, tamu, la kuwapeleka watu nyumbani. Alimtazama Kamanzi mikononi, kisha machoni.

"Sijui," alisema, na safari hii hakujaza mwenyewe.