Sahani ya Tarcisio

Jumatatu asubuhi Rukiah alifika kazini akamkuta Tarcisio amechuchumaa barazani, anapepea makaa ya sigiri chini ya birika. Hakumuuliza kitu. Alijua tu kwamba programu ya Ijumaa imeharibika, na kwamba aliyeiharibu ni Tarcisio. Ndivyo walivyoishi pale. Ukikosea hubishi, husingizii mtu, unachemsha chai. Wenzako wanakunywa, wanakusengenya ukiwa hapohapo unasikia, halafu wote mnainama kulitafuta kosa mpaka lionekane.

Walikuwa watatu. Tarcisio, kijana wa Gulu, aliandika programu. Rukiah, aliyekaa Lubaga na mama yake, aliandika vilevile, na kila mmoja alimkagua mwenzake. Akullo ndiye aliyetoboa kadi. Enzi hizo kompyuta ilikuwa kubwa kama stoo ya pamba, na haikuelewa neno mpaka ulitoboe kwenye kadi, kila mstari kadi yake, kisha uilishe kadi zote kwa mpangilio wake. Ukivuruga mpangilio inakujibu upuuzi, tena kwa kujiamini, kama shemeji aliyelewa.

Halafu wanajeshi waliokuwa wanatawala nchi wakawaletea mkuu mpya, Kapteni Umar. Hakuwa na roho mbaya sana. Siku aliyoripoti alikuja na mfuko wa sukari, na sukari Kampala wakati ule ulikuwa unaiona ndotoni tu. Akawapanga mstari, akatoa hotuba yake.

"Timu si watu," alisema. "Timu ni mtu moja. Kuanzia leo nyinyi na mimi ni mtu moja. Hiyo ni amri."

Miaka ile amri zilikuwa hazingoji mtu azitii, zinajitii zenyewe. Mchana Akullo alikula muhogo, Rukiah akashiba. Tarcisio akajikwaa kwenye mguu wa meza, na kule ghorofani Kapteni akasikika anatukana kwa Kinubi, lugha ya kwao. Wiki haijaisha wameshazoea. Bi Mwanawetu, mama yake Rukiah, alimnusa binti yake sigara mdomoni akanuna. Rukiah akamwambia Tarcisio, na Tarcisio akaacha kuvuta siku hiyohiyo, bila kunung'unika. Mtu wa kufanya naye kazi ni wa namna hiyo.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa kugawa viatu vya jeshi. Waliandika, wakakaguana, Akullo akatoboa, kadi zikakaa kwenye sanduku zikingoja zamu yao ya mashine. Walipotoka kwenda kula, Kapteni Umar akashuka kukagua. Akafungua sanduku, akaona mambo ya aibu: kadi yenye matundu mawili imesimama ubavuni mwa yenye matundu arobaini, hakuna nidhamu kabisa. Akavua kofia, akazipanga upya kwa mikono yake mwenyewe. Zenye matundu machache mbele, zenye matundu mengi nyuma, kama majeruhi. Akafunga sanduku, akapanda juu ameridhika.

Mashine ikalishwa, ikajibu. Viatu vyote vya kushoto vikaenda kambi moja, vya kulia vikaenda kambi nyingine. Jumamosi yake gwaride likapigwa kwa mguu mmoja mbele ya wageni wa nje.

Akullo alizitoa kadi akazitazama tu mara moja. Akasema taratibu kwamba hakuna raia anayeweza kupanga hivi. Rukiah akamwambia azifunike.

Watu wa usalama walikuja na gari yao, miwani myeusi, mashati ya maua. Timu nzima ikaitwa, Kapteni akiwemo.

"Nani iko na kosa?" aliuliza mmoja wao.

Kapteni aliangalia dirishani. Akullo aliangalia viatu vyake. Barazani sigiri ilikuwa imejaa jivu baridi. Tarcisio alilitazama birika, akamtazama Rukiah, akalitazama birika tena. Tangu waanze kazi pale halijawahi kupita kosa bila chai, na jambo hilo lilimsumbua, kama mlango unaogongwagongwa na upepo na hakuna anayeinuka kuufunga. Akainuka. Akasuuza birika, akatia maji, akawasha makaa.

Wale mabwana hawakuhitaji ushahidi mwingine. Wakampakia hata maji hayajapata moto, gari ikapanda upande wa Makindye, kwenye gereza la jeshi.

Alasiri shavu la kushoto la Rukiah likavimba. La Akullo pia. Kapteni Umar alishuka ameshika leso shavuni, akasema ni jino. Jioni wote wakahisi mdomoni ugali wa posho wenye wadudu. Rukiah alifurahi. Maana yake Tarcisio alikuwa hai.

Ilipofika siku ya kutoweza kukaa vitini kwa sababu ya migongo kuuma, Rukiah alipanda ghorofani. Kapteni alikuwa amesimama, anaandika amejiegemeza kabatini.

"Afande, mtoe tu. Hata wewe utapona."

"Nikimtoa wataniuliza, basi nani alikosea."

Rukiah akafunga mlango. Mtu alikuwa hajibu maswali kama hayo. "Afande," alisema, "tangu siku ile hatujanywa chai. Birika liko pale chini. Maji yapo, na sukari ni yako."

Kapteni Umar alitokwa na jasho, akajifuta polepole, kwa kuogopa shavu.

"Dada," alisema, "mimi sijui kuchemsha chai."

Wiki iliyofuata akapata uhamisho, kwenda kusimamia kiwanda. Aliwakusanya, akasoma amri ya kujitoa mwenyewe kwenye timu, na alipokuwa anaikunja karatasi shavu likanywea wote wanaona, mgongo ukanyooka. Akawaaga vizuri. Akasema mfanyakazi mzuri hakimbii kosa lake, wala hamwachi mwenzake, na kwamba yeye kwao amejifunza mengi. Wakampigia makofi, ya polepole, kwa sababu Tarcisio alikuwa amevunjwa vidole viwili.

Kiti cha Tarcisio hawakumpa mtu. Mkuu mpya alikuwa meja, na yeye alipenda kadi zipangwe kwa rangi.

Jioni moja, nyumbani Lubaga, Rukiah alimaliza matooke na samaki wa Ggaba, akasogeza sahani mbele tena.

"Ya yule kijana?" aliuliza Bi Mwanawetu.

"Yake, mama."

Bi Mwanawetu akapakua, akajaza, akachagua kipande cha karibu na mkia. Kisha akakirudisha kwenye chungu, akachukua cha tumboni, kilicho laini.

Rukiah alikula taratibu, upande wa kulia tu. Upande wa kushoto Tarcisio hakuwa na meno tena.