Gogo Moja la Gereji ya Bonga

Saa nane na robo mchana, kila siku ya kazi, saa husimama kwenye gereji ya Leonsi kule Bonga, kando ya barabara ya Dodoma. Simu nazo husimama. Mafundi humaliza kumimina chai mapema, kwa sababu chai ikikutwa hewani hubaki hewani. Katika utulivu huo watu huongea na kutembea kama kawaida, lakini kila kitu husogea unene wa ukucha, kule tu kinakoruhusiwa: geti kwenye bawaba zake, gurudumu kwenye ekseli yake. Kisha vitu hurudi mahali pake na saa huendelea, bila kupoteza hata sekunde moja.

Ilianza baada ya mazishi ya fundi Theophil, aliyekufa saa hiyohiyo chini ya tipa. Bodi ilikuwa imeinuliwa kwa jeki, na kwa usalama ikawekewa gogo la mgunga. Gereji ina gogo moja, kwa hiyo upo utaratibu: anayelitaka humwita kwa jina aliyelala chini ya gari, naye hujibu "toa" au "bado". Siku ile gogo lilitoka, mpira wa oili wa jeki ukapasuka, bodi ikashuka. Leonsi akaandikisha kwamba Theophil alilivuta mwenyewe akiwa ndani. Kwenye fomu ya ajali likaandikwa neno uzembe.

Mkewe, Xaveria, alitaka neno hilo lifutwe. Hakutaka kingine. Shuleni watoto walikuwa wanamuuliza binti yake, Dorothea, kama ni kweli baba yake alijiua kwa uvivu, na hilo lilimuuma Xaveria kuliko msiba wenyewe. Ndipo akamwomba jirani yake wa Nakwa, mwalimu Vailet anayefundisha fizikia, amsindikize gereji.

Walifika saa nane kamili. Mafundi walikuwa wameshalirudisha gogo chini ya tipa lile, kama wafanyavyo kila siku muda huo, kwa heshima. Vailet alichora mstari wa chaki kuzunguka mguu wa gogo. Saa zikasimama.

"Huu si mwendo hasa, Mama Dorothea," alisema. "Ni ule ambao kitu kingeweza kuufanya bila kuvunja kinachokifunga. Mwangalie yule mbuzi aliyefungwa pale getini. Kamba imekaza, mbele hawezi. Anasogea pembeni tu, na katika kusogea huko kamba haifanyi kazi yoyote. Imemshika tu."

Upande wa ndani, alikolala Theophil, fremu ina ukingo wa chuma uliochomelewa. Gogo liliugusa ukingo huo likabaki palepale. Kisha likasogea upande wa nje, likauacha mstari wa chaki.

"Kwa ndani halina njia," Vailet alisema. "Lilitolewa na mtu aliyesimama nje, hapa."

Hapo alikuwa amesimama Leonsi. Mkono wake wa kulia ulisogea kuelekea kwenye gogo, unene wa ukucha. Akautia mfukoni. Ukasogea humohumo mfukoni.

"Huwa hivyo kila siku," alisema fundi Fabiani, mkubwa wao. "Hata akiwa Arusha, nadhani. Siku ile aliita, ila hakusubiri ajibiwe."

"Mbona hukusema, Baba Basil?" Xaveria alimuuliza Fabiani.

"Nina watoto wanne, mama. Wanakula hapa."

Xaveria alimtazama mbuzi.

Wiki iliyofuata alimleta ofisa aliyejaza ile fomu. Ofisa alijionea yote, akakubali kwamba ni kweli. Ila fomu, alisema, ina sehemu ya kujaza muda wa tukio, na jambo lisilochukua muda halina pa kuandikwa. Alikunywa soda ya Leonsi, akaaga.

Xaveria bado huenda kila mchana. Huinama karibu na tipa na kuita, "Theo." Mara ya kwanza sauti ilipotoka chini ya gari, aliijua, akalia palepale kwa uchungu na kwa furaha.

"Bado," sauti ilisema.

Siku hizi hujibu hivyo kwa kila anayeita, hata kama chini ya gari hakuna mtu. Mafundi wamezoea. Wanaita jina lake kwanza, wanasikia "bado", wanasubiri kidogo. Kisha wanalichukua gogo, kwa sababu malori ni matatu na gogo ni moja.