Ovaroli la Swalehe

Usiku wa jana niliota ovaroli langu la zamani limesimama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni, ndani hamna mtu.

"Swalehe, amka," likasema. "Tunaitwa kwa wakala."

Mimi siitwi Swalehe. Naitwa Kanuti Kobelo, mstaafu, mkazi wa Morogoro, na nawaomba mlishike hilo jina kwa sababu ndilo lililonitoa kitandani. Miaka kumi na moja nilikuwa mtu wa wakala mmoja wa wafanyakazi, wale wanaokuandikisha wao halafu wanakupeleka ukafanye kazi kwa mwingine. Mimi walinipeleka kiwanda cha biskuti. Siku ya kwanza nikapewa ovaroli la aliyenitangulia, limedariziwa SWALEHE kifuani kwa uzi mwekundu. Nikaambiwa langu linakuja.

Halikuja. Kiwandani nikawa Swalehe. Ramadhani hakuna aliyenionjesha hata biskuti iliyovunjika, nikafunga mara kumi na moja bila kukusudia. Krismasi napangiwa zamu: "Wenzako wanasherehekea, wewe Swalehe shika tanuri." Idi napewa mapumziko na sahani ya pilau, na pilau hiyo, sitawadanganya, ilikuwa nzuri.

Nilipostaafu, cheti cha utumishi kikatoka kimeandikwa Swalehe. Mke wangu alikuwa ameshanunua fremu. Akakisoma, akakirudisha kwenye bahasha.

"Siwezi kumtundika mwanaume mwingine sebuleni kwangu," akasema.

Fremu iko ukutani mpaka leo, tupu. Na ovaroli navaa nikienda kulisha kuku.

"Tunaitwa kufanya nini?" nikaliuliza.

"Wanafunga jalada lako. Chai ya bosi ikipoa, jina lililomo ndilo hilohilo mpaka unakufa."

Nikaruka kitandani.

Nafungua mlango wa jikoni, natokea ofisini kwa wakala. Sikushangaa. Nilichojiuliza ni jiko limekwenda wapi. Kuna kaunta, juu yake kikombe cha chai kinatoa mvuke, na mbele yake benchi refu la mbao. Benchi likakohoa.

"Karibu mzee wangu. Keti, ila usiegemee. Kuegemea ni kwa walioajiriwa moja kwa moja."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mfanyakazi wa siku nyingi kuliko wote hapa. Mwaka wa ishirini na tatu huu, bado niko kwenye majaribio."

"Kazi unaionaje?"

Benchi likafikiri. "Watu ni wazuri," likasema. "Uzito wao ndio tatizo."

Kumbe kuna jamaa ameketi upande wa pili, ana ndevu hadi kifuani na aproni ya waridi iliyoandikwa ZUHURA. Akanipa mkono.

"Wewe bila shaka ndiye Kanuti. Mimi ndiye Swalehe mwenyewe."

"Ndugu yangu," nikasema, huku mkono nimeukaza, "unajua nimekufungia Ramadhani kumi na moja?"

"Mwenyezi Mungu azipokee. Mimi walinihamishia hotelini, wakanivika aproni ya dada aliyekwenda kujifungua. Tangu hapo ni Zuhura. Kila siku ya wanawake napewa kitenge. Ninavyo kumi na viwili."

"Na huoni vibaya?"

"Vibaya nini? Kule tanurini nilikuwa naungua nyusi. Hotelini naimba nikitandika vitanda, wageni wanacheka, mimi nacheka. Wakala huyu kanitoa mbali, sitamsema." Akanisogelea sikioni. "Nakuomba kitu kimoja tu, mzee mwenzangu. Ukifanikiwa kulitoa hilo jina, usinirudishie."

Nyuma ya kaunta akainuka bosi. Ni muhuri wa mpira, mkubwa kama kinu, umevaa miwani. Ukapiga funda la chai.

"Nani anadai cheti?"

"Mimi," nikasema.

"Na mimi," likasema ovaroli, limeinua mkono. Limenigeuka hivihivi, na jana tu nimelifua.

Muhuri ukafunua daftari. "Mahudhurio yanaonyesha Swalehe alifika kila siku. Wewe Kanuti hukufika hata siku moja. Shukuru hatukukufukuza."

"Nilikuwa ndani yake!"

"Ndani hatuandiki. Tunaandika kinachoonekana getini."

Ukakigusa kikombe. "Inapoa. Wote wawili mnasema mlifanya kazi, basi fanyeni."

Hapohapo ukuta unakuwa tanuri. Benchi linajinyoosha, linakuwa mkanda wa biskuti, na linalalamika kwamba hilo halimo kwenye mkataba wake. Ovaroli linatangulia. Linasimama mbele ya moto, mikono inaning'inia, linasubiri kengele.

"Swalehe!" biskuti zinapiga kelele. "Swalehe, tunaungua!"

"Kengele bado," linajibu ovaroli.

Kengele ya tanuri lile huchelewa. Ilikuwa ikichelewa siku niliyofika na iliendelea kuchelewa siku niliyoondoka, na fundi aliyeahidi kuitengeneza alistaafu kabla yangu. Miaka yote ile nilitumia pua. Harufu ya siagi ikigeuka kuwa kama ya karanga, unavuta pumzi mbili, hapo ndipo unashusha mkono wa tanuri. Hakuna aliyenifundisha wala aliyeniuliza.

Nasikia karanga. Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Nalisukuma ovaroli pembeni, nashusha mkono. Biskuti zinatoka rangi ya dhahabu, zinapiga vigelegele. Moja inajikung'uta makombo na kusema, "Jamani, nilishaandika wosia."

"Nani kanusa?" ukauliza Muhuri.

Ovaroli likainamisha kola.

"Mimi sina pua," likasema. "Miaka yote alikuwa ananusa yeye."

Muhuri ukaandika taratibu: *Pua, Kanuti.* "Basi jina lifumuliwe. Mkasi ule pale ukutani, ila ni mali ya kiwanda. Mtu wa wakala haruhusiwi kuugusa."

"Kucha je?"

"Ulizikata kwa ajili ya usafi wa chakula."

"Meno?"

Muhuri ukavua miwani. "Meno ulikuja nayo au ulikodishiwa?"

"Nilikuja nayo. Yamebaki kumi na tisa."

"Tumia."

Nauma S. Natafuna W. Ovaroli linajipinda kwa kicheko: "Taratibu, mzee, unanitekenya!" Biskuti zinahesabu herufi kwa sauti. Zuhura anapiga makofi na kuimba wimbo wa kutandikia vitanda. A inatoka yote kwa mpigo mmoja. Mvuke wa chai umekonda. Nang'oa L, nang'oa E, H inanigomea, naishika kwa gego. Imebaki E ya mwisho, nayo inashuka yenyewe, nadhani kwa upweke.

Muhuri umeshajirusha hewani, wino unadondoka. Chini yake kuna cheti kipya, mstari wa jina uko wazi.

"Haraka! Jina la mwenye kazi?"

Nafungua kinywa. Kimejaa uzi.

"Mmmh," nasema.

"Mmmh hayumo kwenye orodha. Jina!"

"Mmmmh!"

Benchi linaniombea. Mvuke unakatika.

"Kanuti!" sauti ikapazwa kutoka mahali fulani juu ya tanuri. "Kanuti Kobelo!"

Muhuri ukashuka: po!

Nikafumbua macho. Mke wangu amenishika bega, ananitikisa. Kwa kawaida huniita Baba Resti. Jina langu lote hulitoa nikiwa na kosa.

"We Kanuti Kobelo, unatafuna nini asubuhi yote hii?"

Nikapanua kinywa. Akaingiza vidole viwili, akavuta. Ukatoka uzi mwekundu, mrefu kama mkono, umejikunjakunja kama uzi uliofumuliwa kwenye nguo. Akautazama. Akanitazama. Akatoka nao hadi banda la kuku, kule ninakotundika ovaroli, akakaa huko kitambo.

Aliporudi akapanda kwenye stuli, akaishusha fremu, akaanza kuifuta vumbi kwa upindo wa khanga.

"Hebu niletee ile bahasha," akasema.