Marehemu wa Riwaya ya Evaristi

Mwaka 2013, siku ya soko, Zena alikuwa anapima mchele dukani kwake Kasulu mjini, marehemu akaingia. Alikuwa Mzee Leonidasi, mfanyabiashara wa kahawa aliyelishwa sumu katika riwaya mpya ya Evaristi wa Kibondo. Zena alikuwa ameimaliza asubuhi, akaitupa nyuma ya magunia ya chumvi. Vitabu vyote vya Evaristi alivisoma, na havikuwahi kumwangusha. Safari hii jamaa kalipua kazi bila hata aibu.

"Shikamoo, mzee. Kaa hapo, povu lako lisidondokee unga."

"Marahaba." Marehemu alijifuta mdomo. "Mwanangu, yule Mrundi anayesingiziwa kitabuni hakuniua. Pombe aliyoniletea aliionja kwanza mbele yangu, kama inavyotakiwa. Shemeji yangu ndiye hakuonja. Evaristi kayaandika yote mawili, halafu kasahau."

"Hajasahau. Uvivu tu!"

Zena alichemka. Evaristi ni mzaliwa wa Kitahana, huko huko Kibondo, na kwao hata mtoto anajua kwamba mleta pombe huonja kwanza. Lakini kumtwisha Mrundi mauaji ni kazi nyepesi, nani atauliza?

Kweli, hakuna aliyeuliza. Mtaani Mrundi alikuwa mmoja, Havyarimana, fundi baiskeli wa barazani kwa Zena. Alasiri mgambo walikuja kumkamata kwa mauaji ya Mzee Leonidasi.

"Aliyeuawa si huyu hapa?" Zena aliwaambia. "Muulizeni mwenyewe."

Marehemu alivua kofia, akaeleza habari ya pombe polepole. Mgambo walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Tumekuelewa, mzee wetu," alisema mkubwa wao. "Ila kitabu kimeshachapwa."

Namba ya Evaristi ilikuwa nyuma ya jalada. Zena alimpigia, akamweleza kila kitu.

"Dada, watu wamekipenda hivyo hivyo," alisema Evaristi, akakata simu.

Zena alimlaani yeye na kalamu yake. Havyarimana alipakiwa garini kupelekwa Manyovu, avushwe mpaka kuingia Burundi. Spana zake zilibaki barazani.

Tangu hapo marehemu huja kila jioni. Zena humtilia chai, huionja kwanza mbele yake, ndipo humkabidhi kikombe. Wateja humwamkia mzee vizuri, huulizia ile riwaya kama ipo, kisha huuliza wapi watampata fundi baiskeli mwingine.