Pini Mbili Mdomoni

Mdogo wangu alinipa kazi tatu kwa simu: keki, gauni na neno. Keki na gauni nilizimudu. Neno ndilo lililonishinda.

Neno lenyewe ni "Mkubwa". Binti yake, tunayemwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi aliyo nayo shavuni, nilikabidhiwa akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, mama yake alipokwenda nchi ya mbali kulea watoto wa watu. Mimi ndiye dada mtu, kwa hiyo kwa haki yote nilikuwa mama yake mkubwa. Lakini mtoto anayejifunza kusema hubeba neno analoliweza. Kidoti alibeba "Mama", akaliacha "Mkubwa" chini, nami sikuinama kuliokota. Yule aliyezungumza naye kila Jumapili akamwita Mama wa Simu. Tulicheka wote, hata mwenyewe kule alikokuwa alicheka.

Sasa Mama wa Simu alikuwa anarudi. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, amepata kazi na chumba katika mji mwingine. Kidoti anatimiza miaka saba siku ya Jumamosi, sherehe iwe kwangu, na Jumapili asubuhi waondoke wawili.

"Dada, nakuomba," aliniambia. "Nikifika asiniite wa Simu. Mwambie mimi ndiye Mama, na wewe ni Mama Mkubwa. Mwanzishe taratibu, azoee."

"Mtoto mwenyewe ana akili kama wembe, siku moja inamtosha," nikamjibu. "Usinifundishe kulea."

Hapo ulikuwa umebaki mwezi mzima. Nikajitia shughuli. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hakosi cha kujisingizia: mara sare za shule, mara zipu ya mtu imekufa, mara bobini inakata uzi. Kila jioni nilisema kesho. Kila asubuhi Kidoti aliamka akiita "Mama, sioni soksi yangu," nami nikaitika upesi, kabla sijapata muda wa kujikanya.

Nilianza na keki, maana hiyo haikuwa na ugumu. Nilikwenda kwa Mama Keki, jirani yetu anayeoka nyuma ya duka lake, nikampa maagizo ya mdogo wangu: ya duara, rangi ya waridi, ya kuwatosha watoto kumi na wanane, mishumaa saba.

"Juu niandike nini?"

"Hongera mwanangu, kutoka kwa Mama."

Akanitazama, mikono imejaa unga. "Si wewe huyo? Mtu anajiagizia hongera kama mgeni?"

"Kutoka kwa mama yake mzazi. Wewe andika, usinichokonoe."

"Haya, shosti, usinimeze mzima mzima!" Akacheka. Mimi nilirudi nyumbani nimevimba, namtukana kimoyomoyo, na maskini hakuwa amekosea lolote.

Ikafika Jumatano. Kidoti alikuwa amesimama juu ya kigoda, ndani ya gauni la njano, mimi nimepiga magoti napinda pindo. Nikapiga moyo konde.

"Kuanzia leo uniite Mama Mkubwa."

"Kwa nini? Umekua?"

"Nimekua. Simama wima, pindo litakwenda upande."

Akafikiri. Nilimwona vidole vya miguu vikijikunja, ndivyo anavyofikiri. "Ni kwa sababu wewe ni mkubwa kuliko yule wa Simu?"

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa."

"Kwa hiyo yeye ni Mama Mdogo?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Muulize fundi yeyote, atakwambia mtu mwenye pini mdomoni haongei. Niliguna tu, "mm." Na mguno ni mguno, kila mtu ana lake la kusikia ndani yake. Nikaendelea na kazi. Niliacha inchi tatu za kitambaa ndani ya pindo, ili gauni lije kurefushwa akikua.

Mdogo wangu alifika Ijumaa mchana. Alikuwa amekonda, ana mvi mbili tatu ambazo mimi sina. Kidoti alimwamkia vizuri, shikamoo, kama anavyowaamkia wateja wangu, kisha akajificha nyuma ya mgongo wangu. Mama yake akafungua sanduku, akatoa viatu vyeupe vya kufunga na kikuku. Viatu alivinunua kwa kukisia kutoka kwenye picha. Kisigino cha Kidoti kilibaki nje, nusu nzima.

"Amekua," mdogo wangu akasema.

"Watoto hukua," nikasema. Mungu anisamehe, nilifurahi. Furaha ilinipanda hadi masikioni, nikainama nikajifanya naokota nyuzi.

Jumamosi nyumba ilijaa. Maputo yalipasuka, juisi ikamwagika juu ya vitambaa vya wateja, mtoto mmoja akajifungia chooni akagoma kutoka. Mdogo wangu alikimbia huku na huku na sahani, akiuliza kila mtoto jina, akicheka kuliko kawaida yake. Mishumaa ikazimwa. Keki ikakatwa.

"Kipande cha kwanza cha nani?" Mama Keki akapaza sauti. Domo halimtulii yule.

Kidoti alichukua sahani kwa mikono miwili. Nilimwona akiangalia kwangu, kisha akafanya kama nilivyomlea, mgeni kwanza. Akaenda hadi mbele ya mama yake.

"Karibu keki, Mama Mdogo."

Alilitamka vizuri, kwa adabu, neno zima, hakulifupisha. Mama Keki alijitia hamnazo, akaanza kufuta kisu kilichokwisha kufutwa. Mdogo wangu alipokea sahani. "Asante, mwanangu," akasema. Alisimama pale pale akala kipande chote mpaka kikaisha, akaweka sahani mezani taratibu, akaingia chumba cha cherehani, akafunga mlango.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, uso ameufunika kwa kipande cha sare ya mtu.

"Dada," akasema bila kuutoa uso, "kule nililea wawili. Yule mdogo nilimpokea ana wiki tatu. Alipoanza kusema aliniita mama. Unajua nilifanya nini? Nilimkataza. Kila alipoita nilimwambia mimi siye, mama yako ni yule pale, nenda. Alikuwa akilia. Na mimi nikishamfikisha kwa mama yake naingia jikoni nalia. Miaka yote hiyo, dada, nilijua na wewe huku unanifanyia hivyo."

Kupitia mlangoni nilisikia watoto wakigombania puto.

"Aliniuliza," nikasema. "Jumatano. Aliniuliza kama wewe ni Mama Mdogo. Nilikuwa na pini mdomoni."

Akaondoa kile kitambaa usoni, akaniangalia. Sisi tumelelewa na mama fundi, sote tunajua ni pini nyingi tu zinazomzuia mtu kusema.

"Ngapi?"

"Mbili."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alitikisa kichwa tu, na mimi nikakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa nikalia mbele yake kama mtoto, mimi dada mtu.

Jioni ile ile, wageni walipokwisha kuondoka, nilimpakata Kidoti, miguu yake mirefu ikining'inia.

"Nilikufundisha vibaya," nikamwambia. "Yule si Mama Mdogo. Wala si wa Simu. Yule ni Mama. Basi, hakuna cha kuongeza."

"Na wewe?"

"Mama Mkubwa."

"Mkubwa si ndiyo zaidi?"

"Hapana. Mkubwa ni miaka tu." Nikamfuta makombo ya keki mdomoni. "Na usifupishe tena."

Jumapili asubuhi gari lilikuwa linangoja. Nilimwonyesha mdogo wangu pindo la gauni, mahali pa kufumua na kiasi cha kuteremsha kila mwaka. Kidoti alikuwa kizingitini, amevaa ndala zake za zamani, anahangaika na mkanda wa begi uliokwama.

"Mama!" akaita.

Nilikuwa nimekwisha kusimama, mguu mmoja mbele. Nikarudi nikakaa.

"Unaitwa," nikamwambia mdogo wangu.