Uso wa Mezyan

Ukuta wa baraza la kijiji cha Ighil Uzru uligawanywa miraba kumi na tisa, na kufikia Alhamisi ile miraba kumi na minane ilikwisha kupata wenyewe. Walikuwa vijana wa kijiji walioingia msituni kupigana na Wafaransa wasirudi, na msichana mchoraji, Tiziri, aliwanakili kutoka picha kuukuu ambazo jamaa zao walizitoa makabatini. Mraba wa kumi na tisa ulikuwa wa Mezyan, na Mezyan hakuwa na picha. Askari walipoichoma nyumba ya wazazi wake, hakikupona hata kijiko.

Zilibaki siku tano kufika Novemba mosi, siku ambayo Algeria nzima hukumbuka jinsi vita vya uhuru vilivyoanza. Belaid, mwalimu mstaafu aliyeongoza kamati, akapanda mpaka kwa dada yake Mezyan, Ferruja, ambaye kijiji kizima kilimwita Nna kwa heshima ya umri wake, kumpa shauri lake.

"Pale tuchore bendera, Nna. Itapendeza, na hakuna atakayelalamika."

Nna Ferruja alikuwa akichambua zabibu kavu za kutia kwenye kuskusi, chakula cha punje za ngano. Hakuinua kichwa.

"Bendera hakuizaa mama yangu. Niletee huyo binti kesho. Uso wa kaka yangu nitamwambia mimi."

Belaid alishuka kilimani ameridhika. Lakini mlango ulipofungwa, mama yule wa miaka sabini na minne akakaa kitandani, akafumba macho, akamtafuta kaka yake, asimwone. Aliiona burnusi yake, lile joho la sufu lenye kofia, ikipotea kwenye mizeituni. Aliisikia sauti yake ikimwita "panzi wangu". Uso ulikuwa umefutika. Yeye alikuwa na miaka minane tu Mezyan alipouawa, na kwa miaka yote hii amekuwa akiwasimulia watu uzuri wa kaka yake bila kujua kwamba anasimulia maneno matupu. Alikuwa kama mtu aliyekabidhiwa amana akagundua kwamba ameipoteza.

Asubuhi Tiziri alikuja na karatasi na penseli. Nna Ferruja akamwandalia kahawa na mkate uliochovywa mafuta ya zeituni, kisha akaanza kumtajia: macho makubwa, pua iliyonyooka, masharubu mazito. Binti akachora upesi upesi, akamgeuzia karatasi.

"Huyu nani?" Nna Ferruja akauliza.

"Si ndiye uliyenitajia?"

"Huyu ni wa kwenye sinema, anayemwoa binti wa tajiri." Akavuta pindo la kitambaa chake cha kichwani. "Nimekudanganya, mwanangu. Sikumbuki. Mimi dada yake, tumbo moja, sikumbuki."

Tiziri hakushtuka wala hakumpa pole. Aliikunja ile karatasi, akachukua nyingine.

"Alikuwa akikubeba?"

"Mabegani. Kila siku ya soko."

"Ulikuwa ukishika wapi, usianguke?"

Mikono ya Nna Ferruja ikapanda yenyewe hewani, vidole vikajikunja. Akaitazama kwa mshangao.

"Masikio," akasema polepole. "Nilimshika masikio. Yalisimama kama mishikio ya chungu."

Tiziri akachora masikio kwanza, na baada ya hapo yakaja mengine. Kidevu kilikuwa na ndevu za kuchoma, maana alipenda kumkwaruza nazo dada yake shavuni ili apige kelele. Masharubu hayakuwapo, alikuwa bado hajayaweza. Walipokwama, wakaenda kwa Akli, aliyeitwa Dda kama wazee wa kiume wanavyoitwa kwa heshima, mtu wa miaka tisini ambaye macho yake yameingia ukungu, mpiganaji wa mwisho wa kijiji kile aliyebaki hai.

"Andika kwamba jino la mbele lilikuwa limevunjika," Dda Akli akasema mara moja.

"Ninachora, Dda, siandiki."

"Basi lichore. Jiwe lilikuwa langu. Tuligombania tini, tukiwa hivi." Akashusha kiganja karibu na ardhi. "Na paji la uso ni lile la ukoo wao. Mwite Hasen, yule fundi bomba, utaliona. Amelirithi lile paji, akili ndiyo imempita."

Hasen, mjukuu wa kaka yao mkubwa, akaja na spana mkononi, akakalishwa kwenye kigoda.

"Nifanye uso wa kishujaa?" akauliza.

"Fanya uso wa mtu aliyenyamaza," Nna Ferruja akamjibu.

Tiziri alipouliza mdomo ulikaaje, Dda Akli alitikisa kichwa. "Ule haukukaa. Muda wote alikuwa anacheka. Tumelala kwenye theluji tunamsubiri adui, yeye anacheka, kamanda anamfinya."

Jumapili Belaid alipouona mchoro ukiwa tayari ukutani, alivua kofia akajikuna kichwa. Wale kumi na wanane wengine waliokufa mashahidi walikuwa wamekaza nyuso. Wa kumi na tisa alikuwa na masikio yaliyochomoza, pengo la jino na kicheko.

"Nna, mgeni rasmi anatoka mkoani. Atasema tunawafanyia mashahidi mzaha."

"Hao wengine walikuwa mbele ya mpiga picha, wanaogopa ile mashine," Nna Ferruja akasema. "Wangu hakupigwa picha. Alipoondoka nyumbani alikuwa anacheka, kilio tulikilia sisi tuliobaki. Kama mgeni hapendi, mlete kwangu nimpe kuskusi, tuzungumze."

Belaid akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alizaliwa baada ya vita. Akavaa kofia.

"Yule wa tatu kutoka kushoto ni baba mkubwa wangu," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Mama alisema naye alikuwa mtu wa utani. Mimi siku zote nimemwogopa."

Novemba mosi kulikucha na jua. Bendera ilipandishwa, watoto wa shule wakaimba, na Belaid akasoma majina, kila ukoo ukiitikia "yupo" jina la mtu wao lilipotajwa. Lilipofika la Mezyan, Nna Ferruja aliitikia kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Mgeni rasmi alipita mbele ya ukuta taratibu, mikono nyuma. Alipofika mraba wa mwisho alisimama, naye akatabasamu kabla hajajizuia.

Kama ule ndio uso wenyewe, Nna Ferruja hakuwa na wa kumuuliza zaidi ya Dda Akli, naye haoni. Lakini watoto wa ukoo walipanga foleni wakijipima masikio na ya babu yao, na yeye alisimama pembeni akiwatazama, moyo wake mweupe. Halafu akawafuata wanawake kwenye masufuria, maana nyama ya kondoo ilikuwa imeiva na watu walikuwa wengi.

Siku hizi, akienda kununua maziwa asubuhi, hupitia barazani. Humpa kaka yake habari za nyumbani: nani kaoa, mizeituni mwaka huu imezaa vipi. Mezyan bado ana miaka ishirini na miwili, na mambo mengi lazima aelezwe polepole.